Miaka Yangu ya Kuupa Moto Mgongo

Nilikuwa nakwenda Msumbiji. Naanza na hilo kwa sababu nyinyi vijana wa kikundi, mnaoivisha korosho siku hizi kwa jiko la mvuke, mmezoea kuwaambia wageni kwamba nilikuja Kilambo kutafuta kazi. Kilambo nilikuja kupanda boti.

Nilitoka Nzega katika miaka ya tisini nikiwa na cheti cha kidato cha nne, begi la turubai, na jina la mtu mmoja wa Palma aliyesemekana anatafuta watu wanaojua kusoma na kuandika. Vita vya kwao vilikuwa vimekwisha na kila aliyerudi kutoka huko alisema kazi zipo. Niliteremka kwa treni mpaka Dar es Salaam, na kutoka hapo nikapanda juu ya lori la vitunguu. Nyinyi mliozaliwa na lami hamtaelewa. Wakati ule safari ya kusini haikuhesabiwa kwa saa. Rufiji tulikuta kivuko kimelala ng'ambo kwa kuwa mwendeshaji wake amekwenda msibani. Tulipovuka tulikwama kwenye udongo mweusi, tukasukuma, tukapanda, tukakwama tena mbele kidogo, mahali ambapo tuliweza kupaona bado tulipokwama mwanzo. Vitunguu vikaanza kuchipua. Tulipokaribia Lindi, mama mmoja aliyekuwa kando ya barabara aliangalia lile lori lenye majani ya kijani juu akamuuliza dereva, "Baba, hivyo mnauza au mmeotesha?"

Mtwara mjini nililala kwenye baraza ya watu, asubuhi nikapata pikapu ya kwenda Kilambo, kule mtoni, ambako boti huondoka maji yakijaa na haimsubiri mtu, kwa sababu maji yenyewe hayasubiri. Mwenye boti alikuwa Amisse, Mmakua wa ng'ambo, mtu mrefu mwenye kofia ya majani, aliyesema Kiswahili chetu vizuri na kuchomeka Kireno kila alipotaka jambo lionekane rasmi. Alikuwa anapakia. Nilikuwa na muda wa kutosha.

Ila kati ya pikapu na boti palikuwa na moto.

Moto wenyewe ulikuwa ndani ya karai kubwa lililokatwa kutoka kwenye pipa la mafuta, na ulikuwa mrefu kunishinda. Moshi wake mweusi ulisimama wima kama mtu aliyeitwa mahakamani. Pembeni, juu ya kigoda, alikaa mwanamke mwembamba wa makamo amejifunga kanga kifuani, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, ameupa moto mgongo kabisa, anaongea na muuza mihogo. Nikadhani hajui.

"Mama! Moto!"

"Nimeusikia," akasema bila kugeuka. "Nyamaza, unanifanya nisiusikie vizuri."

Akaendelea na habari za mihogo. Halafu katikati ya neno akanyoosha mkono nyuma, akashika mti mrefu uliokuwa umeegemezwa, akalipindua karai kana kwamba ana macho kisogoni, na korosho zikamwagika mchangani zinawaka. Akazifukia kwa mguu wa ndara. Moto ukafa. Nikashusha pumzi, nikagundua kwamba nilikuwa nimeibana muda wote. Tulikuwa wengi tuliobana pumzi. Tulizipumua pamoja kama watu waliotoka kupiga mbizi.

Nilipogeuka, boti ilikuwa katikati ya mto. Amisse alininyooshea kidole kutoka kule, akapaza sauti, "Amanhã, amigo!"

"Anasemaje?"

"Anasema kesho," yule mama akanifasiria. "Ila kesho ya Kireno ina urefu wake." Ndipo akageuka, akanitazama kuanzia viatu. "Wewe ni mtu wa wapi?"

"Tabora."

"Mnyamwezi! Watani wetu hao. Miaka yote ile mlibeba mizigo ya watu kwa miguu mpaka pwani, leo unaachwa na boti umesimama. Haya, Mnyamwezi, bega langu linaniuma. Shika mti huu mpaka hiyo kesho ije."

Huyo ndiye Bi Somoe. Sikuandika barua ya maombi.

Kwa ambao hamkuwahi kukaanga kwa moto, nieleze kazi ilivyokuwa. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayochubua ngozi. Ukiweka korosho ghafi kwenye karai lililotobolewa chini, juu ya kuni, mwanzoni haziongei. Halafu zinatoa jasho, zinatema mafuta, mafuta yanadondokea kwenye kuni, na moto unapanda kwa njia ile ile mpaka karai zima linawaka. Hapo ndipo penye kazi. Ukiipua mapema, ganda linabaki na mafuta na vidole vya wabanguaji vinaliwa. Ukichelewa kidogo tu, kiini ni mkaa. Nafasi iliyo kati ya hayo mawili ni ndogo sana, na mwenye kutazama moto hukosa kuiona.

Mimi karai langu la kwanza niliunguza lote. Bi Somoe alikuja akaokota korosho moja mchangani, akaivunja, akanionyesha weusi wake.

"Ulikuwa unatazama nini?"

"Moto."

"Moto umeiva?"

"Sijui."

"Na korosho?"

"Sikuziona."

"Basi umekaanga moto, Mnyamwezi. Sasa nitafutie mtu wa kuununua."

Kesho yake alinikalisha kwenye kigoda, uso kwenye uwanja wa nyuma, mgongo kwenye jiko. Joto lilinipiga kisogoni na kila mfupa wa mwili wangu ulitaka kugeuka. Alisimama mbele yangu na mwiko, na kila nilipozungusha shingo alinigonga paji la uso. "Anayegeuka anaunguza," alisema, na hiyo ndiyo ilikuwa sheria pekee ya kazi. Mengine yote yalikuwa maelezo. Alinifundisha kusikiliza. Korosho mwanzo hunong'ona, kisha hugombana, na pale zinapogombana zote kwa pamoja mpaka huwezi kumtofautisha mgomvi, unashika mti. Pua nayo ina kazi. Harufu huanza kwa kukukunjisha uso, na pale uso unapojikunjua wenyewe, unapindua. Msimu ule ulipokwisha nilikuwa naweza kukaanga huku nacheza bao na mtu. Wakati wote niliofanya kazi naye, sikumwona Bi Somoe akiunguza hata karai moja, wala kugeuka hata mara moja.

Kuhusu vifaa sina mengi. Karai jipya halifai mpaka lishike masizi. Mti wa kupindulia uwe mbichi, na uwe mrefu kuliko unavyofikiri. Majivu ya kupaka mikononi yachekechwe, maana kipande cha mkaa ndani ya majivu ni adui aliyevaa nguo za rafiki. Doa jeusi la mafuta ya korosho halitoki kwa sabuni yoyote. Linatoka na ngozi yake. Niliwahi kuzuiwa mlangoni kwenye harusi moja Mtwara mjini kwa sababu ya mikono yangu, na aliyenitetea alikuwa bibi harusi, ambaye na yeye alikuwa mbanguaji na amepaka hina nyingi kwa makusudi.

Jambo lililonishangaza zaidi katika kazi ile ni watazamaji. Kilambo nzima ilikuwa inajua korosho zinavyokaangwa. Hapakuwa na mtu aliyezaliwa kule asiyeona jambo lile tangu akibebwa mgongoni. Hata hivyo, kila karai liliposhika moto, watu walisimama. Wanaokwenda kuvuka walisimama, waliovuka walisimama, polisi wa mpakani alisimama na yule aliyekuwa anamfukuza naye akasimama. Nilianza kuwauliza kwa nini, kwa kuwa nimeumbwa na maswali na sikuwa na mengi ya kufanya na uso wangu.

Amisse aliniambia hivi, siku moja maji yalipochelewa kujaa: "Moto wa vita niliukimbia, amigo. Ulikuwa unakuja wenyewe mpaka nyumbani. Huu wenu uko ndani ya pipa. Natazama nione kama utabaki humo."

Ustadhi wa madrasa alisema mtu hutazama moto ili ashukuru yuko nje yake. Muuza mihogo alisema moto ni kama ugomvi wa jirani, huna hasara nao na hujui utaishaje. Mimi naamini muuza mihogo zaidi. Mto unapita, jiwe limekaa, lakini moto kila wakati uko karibu kufanya jambo, na mtu anaona akiondoka sasa hivi ndipo utalifanya.

Bi Somoe hakutaka sababu. Alitaka wateja. Alikuwa na debe la maganda makavu pembeni, na kila boti ya Amisse ilipokaribia gati alirusha gao moja, yaani kiganja tele, jikoni kwa kupitisha mkono nyuma ya bega. Moto uliruka na kufanya vuu, abiria wote wakageuza vichwa, na miguu ikafuata vichwa. "Watu wananunua moto," alinieleza, "ila hawana pa kuubebea, ndiyo maana wanachukua korosho." Nilidhani ni maneno ya biashara. Ngojeni mtaona.

Kesi ngumu zilikuwepo. Muadhini alikuja alasiri moja kulalamika kwamba moshi unaingia msikitini. Alikuja kwa hasira, kanzu ameikunja mkononi. Bi Somoe akamwambia, "Una haki, shehe, acha tu hili lililo jikoni lishuke, tuzungumze." Muadhini akasubiri lishuke. Lilipanda la pili akiwa bado anasubiri. Tulishtushwa na watu wanatoka msikitini wanauliza leo adhana imekuwaje, na mmoja akapiga kelele, "Muadhini, mbona kimya?" Alikimbia kanzu mkononi. Hakulalamika tena, na Bi Somoe naye akaanza kuuzima moto kabla ya kila sala, kwa kumhurumia.

Bwana afya wa wakati ule, Bwana Mussa, mtu mnene mpole, alikuwa akija kutukagua kila alipopata nafasi. Alifika na uso wa kazi, akavuta kiti, akasema, "Hebu nione mnavyofanya." Tukafanya. "Hebu tena, hapo mwanzo sikuona vizuri." Alitukagua kwa miaka. Alipohamishwa alikuja kuaga, akakaa mpaka mkewe akamfuata.

Kila msimu ulipokwisha niliaga. Hilo nyinyi mlilifanyia mzaha sana, na mlikuwa na haki. Mimi si mtu wa kukaa. Nilikwenda Newala, nikapanda Masasi, nikafanya kibarua Mnazi Bay na watu wa gesi, ambako niliona moto unatoka kwenye bomba ukiwa hauna harufu ya chakula chochote, na watu wa vijiji vya karibu wamekaa mbali kwa amri wanautazama huku mlinzi anawaambia hakuna cha kuona, naye shingo imemgeukia huko huko. Kila mara niliaga kwa mikono miwili kwamba sirudi. Korosho zilipoanza kuanguka shambani, nilirudi. Bi Somoe hakuwahi kunisalimia kama mtu aliyesafiri. Alisema tu, "Mti uko pale pale."

Sasa nifike kwenye habari ya baiskeli.

Alikuja bwana mmoja amefunga mzigo wa makuti makavu nyuma ya baiskeli, anapeleka ng'ambo. Akasimama kutazama. Kwa kuwa watu walimziba, akaizungusha baiskeli apate nafasi, na mkia wa mzigo ukaingia jikoni. Yeye anatazama moto wa karai, nyuma yake unawaka wa kwake. Watu wakageuka kutazama ule mpya. Naye, kuona wote wamegeuka, akageuka ajue wanatazama nini. Aliitupa baiskeli ikaenda mpaka kwenye kibanda cha kukatia tiketi na paa likashika. Hakuumia mtu. Paa lilikwisha lote, na kati ya watu wote waliokuwa pale hakuna aliyechota maji mpaka liliposhuka chini, nami pia simo katika waliochota.

Malalamiko yakaenda mjini. Tukaambiwa bwana afya mpya anakuja, Bwana Chilumba, na kwamba anakuja kulifunga jiko.

Hapa mjue jambo moja. Bi Somoe alikuwa mjane. Mikorosho ya marehemu mumewe ilikuwa imerudi kwa shemeji zake, na yeye akabaki na karai, mti, na pale mahali kando ya njia ya gati. Karai lingeweza kuhamishwa. Mahali hapahamishiki. Nyuma ya soko, walikotaka kumhamishia wakubwa wa mjini, hapakuwa na boti wala abiria, na korosho za kukaanga kila nyumba inazo. Siku ile alivaa kanga mpya, akaandaa kiti kilekile cha Bwana Mussa, akajaza debe la maganda.

"Mnyamwezi, leo turushe mpaka mbingu ione," akaniambia. "Akitazama mara moja tu, amekwisha."

Bwana Chilumba alikuwa kijana mkavu mwenye shati lililopigwa pasi. Alisalimia, "Shikamoo mama," akaitikiwa. Akaoneshwa kiti. Akakishika, akakigeuza, akakaa ameupa moto mgongo.

Bi Somoe alinitazama. Nikamtazama. Akarusha gao la kwanza. Moto ukaruka, watu wakasema "Aaah!" Bwana Chilumba akauliza mwaka gani jiko lilianza. Akarusha la pili. Muuza mihogo alirudi nyuma akakanyaga mihogo yake. Bwana Chilumba akauliza kuhusu choo. Akarusha la tatu kwa mikono yote, na nawaambia sijaona moto kama ule kabla wala baadaye, hata Amisse kule mtoni alisimama. Yule kijana alikuwa anaandika. Nikaona midomo ya Bi Somoe inakauka. Mara ya kwanza tangu nimjue, alikuwa amekutana na mtu asiyeuzika.

Kisha Bwana Chilumba akainua kichwa, akakiinamisha upande kidogo.

"Ipua, mama," akasema. "Hizo zimefika."

Zilikuwa zimefika. Kwa hofu, Bi Somoe alikuwa ameacha kusikiliza. Nilishika mti nikapindua, zikatoka salama kabisa.

"Umejuaje?" Bi Somoe akauliza kwa sauti ndogo.

"Ukaguzi ndiyo kazi yangu," akajibu, na hakuongeza kitu. Akasimama. "Jiko halitabaki wazi namna hii. Mtazungushia ukuta wa mabati upande wote wa njia, urefu kumpita mtu, moto usionekane. Ijumaa napita. Nikikuta ukuta, nasaini. Nikikosa, mnahama." Akapiga hatua, akarudi. "Na mabati yawe chakavu. Yale yaliyokwisha ezekwa. Mapya sitaki kuyaona."

Tulimtukana mpaka magharibi. Ukuta! Moto usionekane! Ni sawa na kumwambia muimbaji aendelee kuimba ila azibe mdomo. Na huko kutuchagulia mabati tulikuona kuwa ni dharau iliyopitiliza. "Anataka nionekane maskini," alisema Bi Somoe. "Haya, tutampa maskini." Tukapata mabati yaliyotolewa kwenye ghala moja la zamani mjini, yenye kutu na matundu ya misumari tele, tukayasimamisha. Alhamisi jioni ukuta ulikuwa tayari, mbaya kuliko kitu chochote Kilambo.

Ijumaa asubuhi boti ilifika. Bi Somoe alirusha maganda kwa mazoea tu. Tulisikia miguu ya abiria inapita upande wa pili, inapita, inakwenda. Alikaa kwenye kigoda, mikono juu ya mapaja. Nilianza kufikiria jinsi ya kuaga, mara hii kwa kweli.

Ndipo mguu mmoja ukasimama. Kisha mingine. Nje ya ukuta mtu akasema, "Sogea, na mimi nione."

"Subiri, nimewahi."

"Umewahi wapi, tundu ni la serikali?"

Niligeuka. Sikuwa na karai jikoni, kwa hiyo nilikuwa na ruhusa. Kila tundu la msumari lilikuwa na jicho. Macho ya juu ya wanaume, macho ya chini ya wale wanaochuchumaa, na moja pembeni kabisa lenye wanja. Watu waliokuwa wakipita na kusimama kidogo tu siku zote, sasa walikuwa wanapanga foleni na kugombana. Mtu akinyanyua jicho tunduni, mwenzake alishaweka la kwake. Na kwa kuwa hawakuweza kuona vizuri, hawakutosheka, na kwa kuwa hawakutosheka, walizunguka kuja mlangoni wanunue wapate sababu ya kuingia. Mpaka adhuhuri hatukuwa na korosho hata ya dawa.

Bwana Chilumba alipita alasiri. Aliingia, akaupa moto mgongo, akagusa bati kwa kidole.

"Chakavu," akasema.

"Kama ulivyoagiza, mwanangu," akajibu Bi Somoe, na lile "mwanangu" lilikuwa limebadilika. "Mama yako anakaangia wapi?"

"Alikuwa Newala. Ametangulia." Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Yeye alizungushia makuti, akayatoboa mwenyewe kwa kijiti, usiku, tusimwone. Na mimi alikuwa ananigonga kwa mwiko. Hapa." Akajigusa paji la uso. Nami nikajigusa langu. Akasaini, akaondoka na pakiti ya korosho, na kila alipokuja baadaye alikaa kwenye kiti chake kilichogeuzwa, tukawa watu watatu tumekaa tunatazama uwanja mtupu huku dunia nzima nyuma yetu ikigombea matundu.

Matundu yalipata majina. Kulikuwa na tundu la muadhini, tundu la polisi, tundu la wachumba ambalo lilikuwa pana. La tatu kutoka kwenye nguzo lilisifika kuwa ndilo bora kuliko yote, na watu walituma ndugu zao wawashikie.

Nyinyi vijana mlikuja na jiko la mvuke miaka ya mwisho mwisho. Ni jiko zuri. Halichubui, halina moshi, na korosho zake ni nyeupe kama meno ya tangazo. Bi Somoe mlimwomba ajiunge, akawajibu, "Nani atachungulia mvuke?" Mimi ningejiunga nanyi kwa moyo wote, lakini kifua kilikwisha kuamua mambo yake. Daktari mjini alisikiliza mgongo wangu, ambao ndio ulikaa karibu na moto miaka yote, akasema niondoke kwenye moshi kabla moshi haujanizoea zaidi. Nina umri wa miaka arobaini na kitu, na nimestaafu bila hafla wala saa ya ukutani. Nikakumbuka kwamba nilikuwa nakwenda Msumbiji.

Niliaga. Hakuna aliyeamini. Muuza mihogo alisema, "Tutaonana Oktoba." Bi Somoe alikuwa anatia korosho karaini, akaniambia bila kuinua uso, "Mti uko pale pale." Nikamwambia, mara hii ni kifua. "Haya," akasema. Akakaa kwenye kigoda, akaupa moto mgongo.

Nilitoka na begi lilelile la turubai. Maji yalikuwa yanajaa, Amisse anapakia. Nilikuwa na muda wa kutosha. Nikapita kando ya ukuta, upande wa nje, na ndipo nikagundua kwamba sijawahi kusimama upande ule. Tundu la tatu lilikuwa wazi. Nikaweka jicho.

Nikaona ndimi za moto, na katikati yake, upande wa pili, mgongo mwembamba wenye kanga. Moto ulipanda ukaufunika, ukashuka, ukauonyesha, ukaufunika tena. Sijui nilisimama kiasi gani. Kila nilipotaka kuondoka niliona uko karibu kufanya jambo.

"Wewe wa tundu la tatu," sauti ikatoka ndani. "Boti inaondoka."

"Umejuaje ni mimi?"

"Watu wote wakitazama moto wanabana pumzi. Mmoja tu anakohoa."

Amisse akapaza sauti kutoka gatini, "Amigo! Leo au amanhã?"

"Leo!" nikajibu.

Nikasikia karai linapinduliwa, korosho zinafukiwa mchangani. Mkono mweusi ukatokea juu ya bati ukiwa na kifurushi cha gazeti chenye joto. "Sikukubangulia," akasema. "Unajua kazi. Nenda, Mnyamwezi, usije ukaachwa tena umesimama."

Nilikimbia. Tulipofika katikati ya mto, pale nilipoiona boti ile siku ya kwanza, nilifungua gazeti. Nikaweka korosho moja kwenye ukingo wa boti, nikaivunja kwa kisigino cha kiatu. Kiini chake kilikuwa cheusi upande mmoja. Nikavunja ya pili, ikawa hivyohivyo. Ya tatu pia. Karai zima.

Amisse alinusa. "Zimeungua?"

"Zimeungua."

"Za Bi Somoe?" Akaacha kutazama mbele, akageuka kutazama Kilambo kana kwamba huenda kuna msiba, kisha akanitazama mimi.

Nilizila zote. Maganda niliyatupa mtoni, na kiini cha mwisho nilikimaliza tunagusa Msumbiji.